Maswali ya Wasomaji: Wakigonga mlango, lazima nifungue?

Meseji za mwezi huu zimekuwa nyingi sana na karibu zote zinahusu kitu kimoja, makaratasi. Tangu Januari 2025 mambo ya uhamiaji hapa Marekani yanabadilika haraka mpaka mtu analala akijua hivi anaamka anaambiwa vile, na katikati hapo ndo zinapita zile sauti za WhatsApp za "leo wanakamata Waafrika wote madukani" na mtu anaacha kwenda kazini wiki nzima. Nimechagua maswali yanayorudiwa zaidi. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, kazi yangu ni kukaa chumba kimoja na watu wetu na maloya wao, lakini mwenyewe si loya, kwa hiyo haya ni ya kukusaidia ujue cha kumuuliza loya wako, kesi yenyewe inamhitaji yeye. Majina nimeyatoa yote.

Neno moja kabla sijaanza. Wengi niliowaona wakipoteza kesi zao hawakuzipoteza siku ile waliyokamatwa, walikuwa wameshazipoteza kabla, kwa barua ambayo haikufunguliwa, karatasi iliyosainiwa bila kueleweka, au hela aliyopewa mtu asiye loya. Mtayaona haya matatu yakijirudia hapa chini na nimeyaacha makusudi.

Jambo dada. Miye niko mama Mukongomani, kwetu ni Fizi, tulikuya huku mwaka 2022 kutoka kambi ya Nyarugusu. Kwenye apatimenti yetu banasema watu ba ICE, bale maofisa ba uhamiaji ba kukamata, banapita banagonga milango. Batoto bananiuliza, mama bakikuya tufanye nini, na miye sina jibu. Grini kadi niliomba lakini mpaka leo kimya. Niko na haki ya kukataa kufungua ao nikikataa nitakuwa nimevunja sheria?
*Mama wa batoto ine, Des Moines, Iowa*

Jambo mama, na pole kwa hofu hiyo. Haki hiyo unayo na kutofungua mlango si kosa. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanalinda nyumba ya kila mtu anayeishi humu ndani, hayaulizi kama ni raia au mkimbizi au hana karatasi kabisa. Ofisa akitaka kuingia kwako bila ruhusa yako anatakiwa awe na hati iliyosainiwa na jaji wa mahakama.

Sasa hapo kwenye hati ndo watu wetu wengi wanaponaswa, manake zipo za aina mbili na zote zina mihuri na zinatisha. Ya kwanza wanaiandika uhamiaji wenyewe, inaitwa I-200 au I-205, juu imeandikwa Department of Homeland Security na chini kasaini ofisa wa uhamiaji, huyo si jaji wa mahakama. Hiyo inawaruhusu kumkamata mtu wakimkuta nje lakini kwa kawaida haiwapi ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba. Ya pili juu ina jina la mahakama, mara nyingi "United States District Court", ina saini ya jaji, ina jina la mtu na adresi sahihi. Hiyo ya pili ndo inafungua mlango. Waambie waipitishe chini ya mlango au waibandike kwenye dirisha uisome, au uipige picha umtumie mtu anayejua kusoma Kiingereza. Usifungue hata kidogo kwa ajili ya kupokea karatasi, kwa sababu mlango ukishakuwa wazi baadaye linabaki neno lako na neno lao kama uliwakaribisha au hukuwakaribisha. Na wakigonga wanaweza kusema "Police", wanaweza kusema wanamtafuta mtu mwingine kabisa, hayo hayabadilishi kitu. Watoto wafundishe sentensi moja tu, hatufungui, tunamwita mama.

Na hili nalisema kwa sababu sitaki uje kushangaa. Januari 2026 habari zilitoka za waraka wa ndani wa ICE wa Mei 2025 unaosema maofisa wanaweza kuingia kwa nguvu kwa kutumia ile I-205 peke yake, kwa mtu ambaye tayari ana amri ya mwisho ya kuondolewa. Jaji wa shirikisho huko Minnesota alishaamua kwenye kesi moja kwamba kuingia hivyo kulivunja Katiba, lakini jaji anaongea baada ya mlango kuvunjwa, si kabla. Kwa hiyo wakiingia kwa nguvu, mama, usizuie kwa mwili wako, usisukume, usikimbie. Sema kwa sauti "I do not consent", yaani sijaruhusu, alafu nyamaza, na aliye pembeni arekodi kama anaweza kwa usalama. Maneno hayo hayatawazuia siku hiyo ila ndo loya atakayosimamia mahakamani. Kunyamaza nako ni haki, ila kudanganya hapana kabisa. Usiseme wewe ni raia kama siyo, na usioneshe karatasi isiyo yako, mtu aliyejisema raia kwa uongo anaweza kufungiwa milango yote ya uhamiaji maisha yake yote.

Kuhusu grini kadi, sheria inamtaka mkimbizi aombe baada ya kukaa mwaka mmoja, wewe umeshaomba, umefanya vizuri, tunza ile risiti ya I-797 kama unavyotunza pasipoti. Kimya unachokiona kina sababu. Novemba 2025 serikali ilitoa agizo la kuzikagua upya kesi za wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025, na grini kadi za kundi hilo zikasimamishwa, na wewe wa 2022 umo. Mwanzoni mwa 2026 huko Minnesota wakimbizi ambao hawajapata grini kadi walianza kukamatwa kuhojiwa upya, jaji wa shirikisho akaamuru isimame na waliokamatwa waachiwe. Kwa hiyo ukiitwa kwenye mahojiano usiende peke yako, na kabla ya kwenda kaa na loya mpitie yale mliyoyasema kambini kwa UNHCR na kwa wale waliowahoji, watoto wangapi, nani alikufa mwaka gani, manake tarehe zikigongana wanaweza kuona unadanganya hata kama ni karani tu aliandika vibaya. Tembea na kadi yako ya kazi na kopi ya I-94 inayoonesha uliingia kama mkimbizi.

Na shule wapeleke, mama, usiwafiche nyumbani. Tangu 1982, kwenye kesi ya Plyler v. Doe, Mahakama Kuu ya nchi (Supreme Court) ilishaamua kwamba shule ya serikali haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya makaratasi.

Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nina grini kadi kwa ndoa tangu 2021, naishi Houston. Mama yangu Tanga anaumwa nataka nikamuuguze hata miezi minane. Nasikia Tanzania tumewekwa kwenye orodha ya waliozuiwa, nikitoka nitarudi kweli? Na je naweza kumleta yeye huku?
*Binti wa Tanga*

Marahaba mdogo wangu, Mungu ampe mama nafuu. Ni kweli, tangazo la rais la Desemba 2025 lililoanza kazi Januari 1, 2026 limeiweka Tanzania kwenye kundi la kuzuiwa kwa sehemu, kundi ambalo Burundi imo tangu Juni 2025. Kinachozuiwa ni kutoa visa mpya, za kuhamia pamoja na za kutembea, biashara na masomo. Mwenye grini kadi hahusiki na tangazo hilo, na mwenye visa iliyotolewa kabla na bado hai, tangazo lenyewe halijaifuta. Ndugu zetu wa Kongo pia wananiuliza kila siku, Kongo iliyoandikwa ile ni ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Kenya haimo.

Kwako wewe shida ni hiyo miezi minane. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya siku 180, akirudi ofisa wa mpakani anaweza kumhoji upya kama mtu anayeomba kuingia mwanzo, na akipitisha mwaka bila kibali kadi yenyewe haimtoshi kurudia. Na hesabu yako ya uraia nayo inayumba ukipitisha miezi sita. Kwa hiyo ukiweza gawanya safari, nenda miezi mitatu au minne urudi kidogo uende tena. Kama hali ya mama haikuruhusu, jaza fomu I-131 ya kibali cha kurudi ukiwa bado uko Marekani, ukishatoka umechelewa, na subiri uitwe alama za vidole kabla hujapanda ndege. Acha ushahidi wa kwamba nyumbani kwako bado ni Houston, kodi ya nyumba inalipwa, kazi imekupa likizo ya maandishi, ripoti ya kodi ya mapato umepeleka kama mkazi.

Ukifika eapoti wakakwambia umeshaitelekeza kadi yako, wanaweza kukuletea fomu I-407 usaini. Usiisaini. Fomu ile ni ya kurudisha grini kadi kwa hiari yako na hakuna anayeweza kukulazimisha hiari. Sema unataka kuonana na jaji wa uhamiaji, ni haki yako, na mpaka jaji aamue wewe bado ni mkazi. Watu wamechoka, wametoka safari ya masaa ishirini na mtoto mgongoni, wanasaini ili waende wakalale, alafu ndo wanajua walichosaini. Na kama uliwahi kukamatwa na polisi hata zamani, hata kesi ilifutwa, ongea na loya kabla hujakata tiketi.

Kumleta mama kwa sasa ni ngumu, visa ya kutembea kwa Mtanzania ndo hiyo imefungwa. Na kama umeomba uraia usishangae ukiona kimya, USCIS, ile ofisi inayopokea maombi ya uhamiaji, imesitisha maamuzi kwenye maombi ya watu wa nchi za kwenye orodha. Kusitishwa si kukataliwa, usiondoe ombi lako.

Dada mimi ni Mrundi niliomba asailamu, yaani hifadhi ya ukimbizi, 2023, nilikuwa naishi Portland Maine nikahamia Lewiston kwa rafiki. USCIS nimewaambia adresi mpya. Sasa nasikia watu wanakamatwa mahakamani kwenyewe, tarehe yangu inakaribia, wengine wananiambia bora nisiende. Kibali cha kazi nacho kinaisha.
*Kijana, Maine*

Kaka, umewaambia USCIS, na mahakama je? Nauliza kwa sababu hapa ndo naona watu wanaanguka wengi kuliko sehemu nyingine yoyote. USCIS na mahakama ya uhamiaji ni serikali moja lakini ni ofisi mbili ambazo haziambiani adresi yako. USCIS unawapelekea fomu AR-11 ya kubadilisha adresi ndani ya siku 10 tangu uhame. Mahakama inataka fomu yake nyingine, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi, na kopi iende kwa loya wa serikali anayekupinga. Usipoituma, barua ya kukubadilishia tarehe itaenda Portland kwenye nyumba uliyohama, wewe utakaa Lewiston unasubiri tarehe ya zamani, na siku ile jaji atakuita jina hutaitika na ataamuru uondolewe ukiwa haupo. Amri hiyo inaweza kufunguliwa upya lakini ni vita, una siku 180 kama ulikuwa na sababu nzito kweli kama kulazwa hospitali, na kama barua haikukufikia unaweza kuomba wakati wowote, ila ukiwa wewe ndo hukuwapa adresi mpya hoja hiyo inakuwa dhaifu sana. Tuma leo. Alafu piga 1-800-898-7180, ni mashine inaongea, unaingiza ile nambari yako ya A, nambari ya faili lako la uhamiaji inayoanza na herufi A na yenye tarakimu tisa, inakwambia tarehe yako na kama kuna amri yoyote. Piga kila wiki mpaka siku ya kesi.

Kuhusu kukamatwa mahakamani, ni kweli, tangu Mei 2025 ICE wamekuwa wakikamata watu kwenye korido za mahakama za uhamiaji na siwezi kukwambia hatari haipo. Lakini anayekwambia usiende anakuchagulia kitu kibaya zaidi, kwa sababu usipoenda unapata amri ya kuondolewa kwa uhakika, na hiyo ndo itawafanya wakutafute mpaka kwa huyo rafiki yako. Kuna njia ya katikati. Mahakama inayohudumia Maine iko Massachusetts na unaweza kuomba kwa maandishi usikilizwe kwa video, loya anajua jinsi ya kuandika ombi hilo, ila mpaka jaji akubali tarehe yako inabaki ya kwenda mwenyewe, na ombi kutojibiwa usilihesabu kama ndiyo. Ukienda mwenyewe nenda na loya au na watu wa kanisa au wa kujitolea, wapo wanaosindikiza, na mtu wa nyumbani ajue umeingia saa ngapi. Serikali haikupi loya wa bure kwenye kesi ya uhamiaji, hilo ulijue, lakini una haki ya kuwa na wako, na jaji akikuuliza kama unahitaji muda wa kutafuta loya sema ndiyo.

Mkalimani wanakupa wao bure. Hapa naongea kama mtu wa kazi hiyo, kama Kirundi ndo unakielewa zaidi, omba Kirundi. Watu wetu wengi wa Kibembe, Kifulero, Kinyamulenge, wanaandikwa "Kiswahili" kule mwanzo kwa sababu ilikuwa rahisi kwa karani, alafu siku ya kusimulia jinsi baba alivyouawa wanaletewa mkalimani mwenye Kiswahili cha pwani na nusu ya maneno hayapiti. Ukiona huelewi usitikise kichwa kwa heshima, inua mkono hapo hapo mwambie jaji simwelewi huyu. Haitachukuliwa vibaya, na ikiingia kwenye rekodi loya atakuja kuitumia.

Kibali cha kazi nacho kimebadilika. Zamani ukipeleka ombi la kukirenyu kabla hakijaisha, kwa wengi cha zamani kilikuwa kinajiongeza chenyewe mpaka siku 540. Maombi yaliyopelekwa kuanzia Oktoba 30, 2025 hayana tena nyongeza hiyo, kadi ikiisha kabla mpya haijafika kazi inasimama. Unaruhusiwa kuomba siku 180 kabla, omba siku hiyo hiyo. Na vipya vya watu wa asailamu sasa vinatoka vya miezi 18, si miaka mitano. Sheria ya Julai 4, 2025 pia imeweka ada, mwaka 2025 ilikuwa dola 100 kuomba asailamu na dola 100 kila mwaka kesi ikiwa bado haijaisha, ukipata barua ya kukudai hiyo hela mpelekee loya wako siku hiyo hiyo.

Sasa dada. Mimi ni Mkenya naendesha lori hapa Kentucky, niko na grini kadi miaka kumi. Tulikosana na bibi, majirani wakaita polisi, nikashtakiwa kumpiga. Loya niliyepewa na serikali kunitetea ananiambia nikubali makosa tu, hakuna jela, naenda masomo ya hasira alafu kesi imeisha. Nikubali?
*Dereva, Louisville*

Kaka, usikubali chochote mpaka loya huyo akwambie kwa maandishi kukubali kutafanya nini kwenye grini kadi yako. Nitakueleza kwa nini, na mfano wake umetoka hapo hapo kwenu. Mtu mmoja aitwaye Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa na makaratasi halali zaidi ya miaka 40, alitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, na alikuwa dereva wa lori kama wewe. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Loya wake akamwambia asihofu uhamiaji, ameshakaa sana nchini. Akakubali kosa, na kosa hilo likamweka kwenye njia ya kurudishwa Honduras. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 2010 kwenye Padilla v. Kentucky majaji wakasema loya wa kesi ya jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumtoa nchini. Kwa hiyo unachoomba si fadhila, loya uliyepewa kukutetea anawajibika kwako. Mwambie "mimi si raia", wengi hawaulizi, na aongee na loya wa uhamiaji kabla hujasimama mbele ya jaji.

Kosa la ukatili wa nyumbani ni moja ya makosa ambayo sheria ya uhamiaji inayataja kwa jina kuwa yanaweza kumwondoa hata mwenye grini kadi. Na ile "kesi imeisha" ya mahakama ya kaunti siyo ile ya uhamiaji, ukikubali mbele ya jaji kwamba umefanya na jaji akakupa adhabu yoyote, hata masomo, uhamiaji kwao hiyo ni hatia, na baadaye hata kaunti ikilifuta kwenye rekodi wao kwa kawaida bado wanaliona. Mara nyingi loya mzuri anaweza kuomba shtaka libadilishwe kuwa lingine ambalo halina madhara hayo, lakini hiyo inafanyika kabla ya kukubali, baada yake ni kulia tu.

Na kama ulimpiga kweli, kaka yangu, hilo lenyewe ni zito kuliko kadi na ulishughulikie hata mahakama isingekuwepo. Dada unayesoma hapa na uko upande wa pili wa hadithi kama hii, na mume anakutishia kwamba ukiongea atakufutia makaratasi, ujue sheria inamruhusu mke wa raia au wa mwenye grini kadi anayenyanyaswa kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, na mume haambiwi. Loya wa msaada wa kisheria anaijua.

Dada kuna mtu wetu, tunasali naye, anajaza fomu za watu wote hapa. Nilimlipa dola 1,500 za asailamu, kila nikimuuliza risiti ananiambia subiri, ni karibu mwaka sasa. Naogopa kumkosea kwa sababu ametusaidia wengi.
*Mama, Dayton, Ohio*

Mama yangu, kumwomba mtu risiti ya hela yako siyo kumkosea. USCIS au mahakama ikipokea ombi lako inatoa barua ya kupokea yenye nambari. Kama mwaka unakwisha na hujaiona, inawezekana kabisa ombi halijaenda popote, na kwenye asailamu hilo ni hatari kubwa kwa sababu sheria inataka uombe ndani ya mwaka mmoja tangu uingie. Kwa hiyo nenda wiki hii kwa shirika la msaada wa kisheria, waeleze kila kitu pamoja na tarehe uliyomlipa, na kama una meseji au rekodi ya kumtumia hela zipeleke, kudanganywa na mtu kunaweza kukusaidia kueleza kwa nini umechelewa.

Hapa Marekani wanaoruhusiwa kukushauri kuhusu kesi ya uhamiaji ni loya mwenye leseni, ambaye jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya maloya ya jimbo lake, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi kwenye shirika linalotambuliwa, na orodha yao iko kwenye tovuti ya wizara. Mwenye muhuri wa notari hapa anashuhudia saini tu. Mtu anayekusimamia kweli kwa USCIS anajaza fomu G-28 yenye jina lake na yako, ukimwomba kopi akakasirika umeshapata jibu. Na hata anayekujazia tu fomu lazima aandike jina lake na asaini pale chini kama aliyeiandaa, wasiotaka kuandika jina lao wanajua kwa nini. Karatasi tupu usisaini kwa mtu yeyote, na hadithi ya asailamu ni yako, asikuandikie ya mwingine kwa sababu "hii inapita". Serikali haipokei ada kwa Western Union wala kadi za zawadi. Najua kumshtaki mtu wa kanisani kwenu kunauma na watu watasema, lakini kuna wengine wanamlipa Jumapili hii hii.

Mwanangu alizaliwa hapa 2019 mimi na baba yake tukiwa hatuna makaratasi, watu wanasema amenyang'anywa uraia, ni kweli?
*Mama, Phoenix*

Hapana mama. Uraia wake umetoka kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, na Mahakama Kuu iliyatumia tangu 1898 kwa mtoto wa wazazi Wachina, Wong Kim Ark. Amri ya rais ya Januari 2025 ya kukata uraia wa kuzaliwa, hata kwa maneno yake yenyewe iliwalenga watoto waliozaliwa baada ya siku 30 tangu itolewe, si waliokwishazaliwa, na majaji waliizuia. Wa 2019 haimgusi. Mchukulie pasipoti ya Marekani kama bado hana, itawasaidia sana kwenye hili la mwisho hapa chini.

Mume wangu wamemchukua jana asubuhi akienda kazini. Simu yake haipatikani. Sijui nianzie wapi.
*Mke, Columbus*

Pole sana dada yangu. Hili lilipofika nililijibu moja kwa moja siku hiyo hiyo, ila naliweka hapa kwa ajili ya wengine. Tafuta nambari yake ya A, iko kwenye kibali cha kazi au barua yoyote ya uhamiaji, ingia locator.ice.gov, weka nambari na nchi aliyozaliwa. Jina tu huwa linafeli, manake majina yetu wanayaandika wanavyosikia, jaribu kugeuza la kwanza na la mwisho. Isipoonekana siku ya kwanza rudia, na piga ofisi ya ICE ya eneo lenu, kwa sababu wanawahamisha haraka na unaweza kumkuta jimbo lingine kabisa.

Akikupigia, mwambie mambo mawili kabla ya yote. Asisaini karatasi yoyote ya kukubali kuondoka kwa hiari au kukubali kuondolewa bila kuonana na jaji, wataisukuma kama vile ndo njia ya kutoka haraka, na kwa mtu mwenye asailamu inayoendelea inaweza kuua kesi nzima. Na aseme wazi kwamba anaogopa kurudi nchini kwake kama anaogopa, aseme kwa kila ofisa anayemhoji. Ana haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe, lakini aliyekimbia serikali yake mwenyewe afikirie mara mbili na amuulize loya kwanza.

Loya utakayemtafuta muulize kama anafanya dhamana na kama anafanya habeas, yaani ombi kwa jaji wa shirikisho aangalie kama kumshikilia ni halali. Tangu Septemba 2025 baraza la rufaa la uhamiaji limesema walioingia bila kukaguliwa mpakani hawapewi dhamana na jaji wa uhamiaji, majaji wengi wa shirikisho wamelikataa hilo, na njia ya kufika kwa majaji hao ni hiyo habeas. Inatakiwa haraka na kwa kawaida inafunguliwa kwenye jimbo aliko sasa hivi, ndo maana kumpata alipo ni kazi ya saa za kwanza.

Na watoto usiwasahau. Andika karatasi ya mamlaka ya kumpa ndugu au rafiki ruhusa ya kuwatunza ikibidi, hapo ndo notari ana kazi yake, apige muhuri. Shuleni ongeza jina la huyo mtu kwenye orodha ya wanaoweza kuwachukua. Pasipoti zao, vyeti vya kuzaliwa na dawa wanazotumia viwe kwenye bahasha moja anayoijua yeye. Na nambari ya loya kila mtu mzima nyumbani aikariri kichwani, simu ndo kitu cha kwanza wanachokunyang'anya.